Injini Ipate Joto, na Tanboi Je?

Mtu akikuambia Kenya hakuna baridi, mpeleke Timboroa saa kumi usiku mwezi wa saba. Usimpee sweta. Mwambie asimame kando ya barabara dakika kumi tu, halafu arudie hayo maneno, kama meno yatamruhusu.

Wengi wenu mnanifuata kwa sababu ya video za malori. Na kila nikiweka video ya lori ikikataa kuwaka asubuhi, mnacheka. "Hiyo chuma imezeeka." "Uzia watu wa skrepa." Sawa, ni poa, hata mimi nacheka zingine. Lakini leo nataka tuongee kitu serious kidogo, kwa sababu kuna watu wanaumia hapo kwa hiyo baridi na hakuna mtu anawaongelea. Na wengi wao ni wa umri wetu.

Kwa wale wageni hapa: niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikuwa imekataa kabisa. Nikaingia kwa lori ya anko wangu kama tanboi karibu mwaka mzima. Tunabeba waru kutoka pande za Molo na Kuresoi, tunapeleka Nairobi. Unapakia jioni, unalala kwa lori huko juu, unaamka saa tisa usiku ndio mfike sokoni mapema kabla bei ianguke. Ukichelewa masaa mawili, hiyo mzigo unauza kwa bei ya huruma. Kwa hivyo hiyo dakika dereva anapiga stata saa tisa usiku, ndio inaamua kama wiki itakuwa ya nyama ama ya sukuma.

Sasa, kwa nini lori ya dizeli inasumbua kwa baridi na Probox ya jirani inawaka tu?

Petroli inawashwa na cheche kutoka kwa plagi. Dizeli haina hiyo cheche. Yule Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza ya maana ilifanya kazi mwaka 1897, alitumia ujanja mwingine: unabana hewa ndani ya silinda kwa nguvu sana mpaka yenyewe inakuwa moto, digrii mamia. Ukinyunyizia dizeli hapo, inashika yenyewe. Kama umewahi kupump baiskeli ukashika pampu ukaskia imepata joto, hiyo ndio injini ya dizeli kwa lugha ya mtaa.

Shida ni kwamba chuma ikiwa baridi, inakunywa lile joto kabla dizeli ifike. Oili nayo imekuwa nzito kama uji uliolala, kwa hivyo stata inazungusha injini polepole, na ukizungusha polepole, hewa inavuja kwa ringi kabla ibanwe vizuri. Betri nayo, baridi ikiipiga, inatoa nguvu kidogo kuliko kawaida. Hizo tatu zikikutana siku moja, umeisha.

Na sisi tuko na ya nne: urefu. Nakuru mjini tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Molo ni kama 2,500. Timboroa inapita 2,700. Huko juu hewa ni nyepesi, karibu robo yake imepotea ukilinganisha na Mombasa. Hewa kidogo ikibanwa, joto nalo ni kidogo. Kwa hivyo lori ambayo inawaka vizuri pale Mariakani inaweza kukukatalia Mau Summit, na si ati imelogwa.

Hapo ndipo ujanja wa barabara unaingia. Nimeuona wote kwa macho.

Kuna wenye wanawasha moto chini ya injini. Wanachukua gunia kuukuu, makaratasi, dizeli kidogo, wanaweka chini ya sampu ndio oili ipate joto. Na inafanya kazi, sitawadanganya. Lakini angalia chini ya lori yoyote ya kitambo: kuna oili imevuja, kuna nyaya zimefungwa na tepu, kuna mipira ya dizeli na ya breki. Unawasha moto hapo. Siku moja upepo ugeuke, na lori na waru na logbook ya benki vyote vinaenda.

Kuna wenye wanapulizia sprei ya etha kwa njia ya hewa. Etha inashika haraka kuliko dizeli, kwa hivyo injini inaruka. Sasa kama lori yako iko na hita plagi na zimewaka, hiyo etha inaweza kulipuka kabla pistoni ifike juu. Ringi zinavunjika, pistoni inapasuka, halafu mtu anasema injini za siku hizi ni mbaya.

Na kuna wenye wanalaza lori kwa mteremko, ndio asubuhi waiachilie ijiwashe ikishuka. Hii ndio inanitisha zaidi. Injini ikiwa imezima, breki haina ile nguvu yake ya kusaidiwa, na usukani ni mzito kama jiwe. Tani kadhaa za waru, giza, ukungu, lami imelowa, na mbele yako ni barabara ya kushuka Sachang'wan na Salgaa. Mtu yeyote wa Nakuru anajua hiyo barabara imekula watu wangapi. Kuingia huko na injini imezima ni kuomba Mungu awe dereva.

Lakini hayo yote ni kuhusu gari. Kuna joto lingine, na ndilo lilinifanya niandike hii.

Mwezi wa saba mwaka juzi tulikuwa tumelala malori matatu pamoja, si mbali na Mau Summit. Lori ya pili ilikuwa na tanboi wa miaka 19, kijana mtulivu, alikuwa anatufunza kucheza drafti na vifuniko vya soda. Dereva wake alikuwa amepata rafiki mwenye nyumba hapo karibu akaenda kulala huko. Kijana akabaki na mzigo. Saa tisa dereva akarudi, akagonga, hakuna jibu. Akagonga tena. Sisi tukaamka. Anko akaangalia kwa dirisha na tochi ya simu, akaona jiko chini ya dashibodi, makaa bado mekundu, na kijana amelala na mdomo wazi.

Walivunja kioo. Tukamtoa, tukamlaza kwa nyasi. Alikuwa anapumua lakini huwezi kumwamsha. Anko alimgeuza upande, akawa anamwita jina lake kama mtu anaita mtoto wake. Baada ya muda akatapika, akaanza kulia bila kujua analilia nini. Tukampeleka hospitali. Alipona, Mungu ni mwema. Alisema kichwa kilikuwa kimemuuma kidogo, akadhani ni njaa, akalala.

Wakati tunangoja gari ya kumpeleka, simu ya dereva ililia. Ni mwenye lori, kutoka Nairobi. Swali lake la kwanza, na nilikuwa nimesimama karibu nikalisikia, lilikuwa: "Gari imewaka?"

Sitamtaja. Hata sidhani ni mtu mbaya. Hakuwa anajua kilichotokea. Lakini hilo swali halijawahi kunitoka.

Kwa wale hawajui: makaa yakiungua bila hewa ya kutosha yanatoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haikoroweshi koo kama moshi. Ikiingia kwa damu inashikilia pale oksijeni inafaa kushika, na inashika zaidi ya mara 200 kwa nguvu kuliko oksijeni yenyewe. Dalili ni kichwa, kizunguzungu, kutaka kutapika, usingizi. Yaani unahisi vile tu mtu aliyeshinda kwa barabara anahisi. Na makaa mekundu yasiyo na moshi, yale tunasema "sasa yameiva, ingiza ndani," ndiyo hatari. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Jiko haliingii kwa kabini. Hakuna "lakini" hapo.

Sasa ngoja niwapeleke mbali kidogo. Kijana wa anko, binamu yangu, anaendesha lori kule Alberta, Canada. Huko baridi inafika digrii 30 chini ya sifuri. Nilimtumia voisi noti nikamuuliza nyinyi mnawashaje malori. Akacheka. Akaniambia huku gari inachajiwa kama simu.

Si gari ya umeme, ni dizeli ya kawaida. Lakini kuna waya unaning'inia mbele kwa grili, na sehemu nyingi za kuegesha ziko na soketi kwa mlingoti. Huo waya unaenda kwa hita iliyo ndani ya bloku ya injini. Fikiria ile koili ya kuchemsha maji ya kuoga kwa bedsita, sasa iweke ndani ya maji ya injini. Maji yanapata joto, yanapanda yenyewe, ya baridi yanashuka, na polepole bloku yote inakuwa vuguvugu. Unachomeka masaa mawili mpaka manne kabla ya kuondoka, wengine wanatumia taima ndio wasile stima usiku mzima. Asubuhi unapiga stata mara moja.

Na kabini? Nilimuuliza. Akasema malori mengi ya safari ndefu yana hita ndogo ya dizeli ya kabini, ambayo moshi wake unatoka nje kwa bomba lake. Yeye analala na fulana. Kwa baridi ya Alberta. Sisi hapa karibu na ikweta tunalala na makaa.

Baada ya ile kesi ya Mau Summit, huyo binamu alimtumia babake hita. Si ile ya kuingia kwa bloku, ni ile ya kukatiwa kwa mpira wa chini wa rejeta, kwa sababu hiyo inaingia gari nyingi bora kipenyo cha mpira kifanane. Anko alifurahi kama amepata lori mpya. Ikafungwa na fundi hapa Nakuru, rejeta ikajazwa, injini ikawashwa kwanza mpaka hewa yote ikatoka. Hiyo ni muhimu: koili ikibaki kwa hewa badala ya maji, inajichoma kwa dakika chache.

Kabla anko achomeke kwa ukuta, nilimwomba nisome kibandiko. Wati 600, volti 120. Stima yetu ni volti 240.

Hapa ndipo naomba tusome pamoja, kwa sababu hii ni hesabu ya sekondari na inaweza kuokoa nyumba. Chukua volti, zizidishe na zenyewe, gawanya kwa wati, unapata omu. 120 mara 120 ni 14,400. Gawanya kwa 600, ni omu 24. Tulipima na mita ya fundi wa stima kati ya pini mbili za plagi, na ikasoma karibu hapo. Kwa hivyo hita ilikuwa nzima. Sasa hiyo omu 24 ukiipa volti 240: 57,600 gawanya kwa 24, ni wati 2,400. Mara nne ya ile imetengenezewa. Na umeme unaopita ni ampia 10, wakati fyuzi ya plagi yetu kubwa ni ampia 13. Yaani fyuzi haingeshtuka. Ingekaa hapo imetulia huku hita inajiua na mpira wa rejeta unayeyuka.

Anko aliniangalia akasema, "Na ulisema chuo haikukusaidia." Nikamwambia, anko, hii ni ya kidato cha tatu.

Tulipata transfoma ya kushusha volti, ya wati 1,500, kwa sababu hutaki transfoma inayolingana kabisa na mzigo, unataka nafasi. Sasa siku lori inalala kwake nyumbani Molo, anachomeka saa sita usiku. Masaa matatu kwa wati 600 ni chini ya uniti 2 za tokeni. Linganisha na betri mpya, ama stata iliyoungua, ama soko uliyokosa.

Ukiwa na hita ya aina hiyo, iwe ya bloku ama ya mpira, hivi ndivyo unaiangalia kabla msimu wa baridi. Chomoa kwa stima kwanza. Angalia waya wote kwa macho na vidole: ukipata pahali pameiva, pamepasuka ama panya ametafuna, usifunge tepu, badilisha. Angalia pini kama zimekuwa nyeusi, hiyo ni ishara zinapata moto. Pima omu kati ya pini mbili zinazobeba umeme: ikisoma wazi kabisa, koili imekatika, ikisoma sifuri, kuna shoti. Halafu pima kila moja na bodi ya gari: hapo inafaa isome wazi. Ikisoma chochote, umeme unaweza kufika kwa chuma ya gari, na mtu akishika mlango akiwa amesimama kwa matope, unajua kitatokea. Pima maji ya rejeta. Tumia ekstensheni nene, si ile ya kuchaji simu imezungushwa kama kamba ya mbuzi. Na kabla ya kuondoka, chomoa. Binamu anasema kila baridi lazima umwone mtu anaondoka na soketi ya wenyewe nyuma yake.

Lakini wacha niwe mkweli. Lori nyingi za huku hazilali kwa soketi. Zinalala kwa shamba, kwa stendi, kando ya barabara. Na baridi yetu si ya Alberta. Kwa hivyo kwa mtu wa Molo, Elburgon, Kinangop, kazi kubwa inafanywa mchana, kabla baridi ije.

Kama gari yako iko na hita plagi, pima kila moja. Namba iwe ndogo sana, na zote zikaribiane. Moja ikisoma wazi, imekufa, na injini ya silinda nne ikikosa mbili, utapiga stata mpaka kuche. Usisahau rilei yake. Zingine hazina hita plagi, ziko na hita kwa manifoldi inayopasha hewa. Hiyo pia inapimwa. Ukiwasha funguo, ile taa ya koili kwa dashibodi ngoja izime. Madereva wengi hawangoji. Wanapiga tu, halafu wanalalamika moshi mweupe. Ule moshi mweupe ni dizeli yako haijaungua, ni pesa yako inapanda mbinguni.

Safisha vichwa vya betri. Weka oili inayofaa, ile imeandikwa 15W-40 inatembea kwa baridi kuliko ile ya 40 peke yake. Na ukipiga stata, sekunde kumi hivi, halafu ipumzishe dakika moja. Stata si ngoma.

Hiyo ndio ya gari. Sasa ya mtu.

Ninachosema ni hiki, na najua kuna wenye malori wananisoma hapa. Tumejifunza kuhesabu joto la injini kwa sababu injini ikikufa kuna risiti. Tanboi akilala na baridi, hakuna risiti. Yeye analipwa kwa trip, hana mkataba, hana bima, na kesho yake kuna vijana watano kwa stendi wanangoja nafasi yake. Kwa hivyo anajitafutia joto mwenyewe, na joto la bei rahisi ni makaa.

Blanketi mbili nzito na godoro jembamba la kabini si gharama ya lori, ni gharama ya gurudumu? Hata robo yake haifiki. Kitanda kwa loji ya Molo mjini kwa usiku ule wa baridi kali, na mlinzi mmoja wa kulinda malori matatu mkigawana, hiyo ni hesabu inawezekana. Anko alianza. Alitoa jiko kwa lori kabisa, halibebwi hata la kupikia chai. Akanunua blanketi, na sheria yake ni kwamba tanboi halali peke yake kwa kabini bila mtu wa kumgonga usiku. Hajafilisika.

Na wewe tanboi, ama ndugu yako ni tanboi: ukiskia kichwa kinauma kwa kabini na kuna moto wowote ndani, usilale "ndio kipoe." Toka nje. Baridi itakutesa, lakini asubuhi utakuwepo uilalamikie.

Kwa wenye malori, nawaomba kitu kimoja tu, na hakina bei. Ukipiga simu saa tisa usiku, uliza kwanza kama watu wameamka. Halafu ndio uulize kama gari imewaka.